Jinsi ya kufanya kazi ya kuhudumia watu bila kujimaliza mwenyewe (hatua kwa hatua)

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Nimeanza wodini juzi tu na tayari nachukia kuamka asubuhi, ni kawaida?" "Nikirudi nyumbani bado nawawaza wagonjwa, nifanyeje?" "Mbona siku hizi mtu akilia mbele yangu sisikii chochote, nimekuwa mtu mbaya?" Kujibu mmoja mmoja nimeshindwa kwahiyo naandika yote hapa, akikuuliza mwenzako mtumie hii.

Nawaandikia manesi, madaktari, wakunga, walimu, watu wa ustawi wa jamii, washauri nasaha, wanaopokea simu za dharura, wanaolea wazee na watoto, na wewe pia unayemuuguza mzazi nyumbani bila mshahara wala off.

Nadharia kidogo tu halafu tuendelee. Banauti (burnout, yaani kuishiwa kabisa kwasababu ya kazi) ina alama tatu, na aliyezifanyia kazi sana ni mwanasaikolojia Christina Maslach wa Marekani, kipimo chake kilitoka 1981 na mpaka leo kinatumika. Ya kwanza ni uchovu usioisha hata ukilala. Ya pili ni moyo kuwa mgumu, unaanza kuwaona watu kama namba za vitanda. Ya tatu ni kuona kwamba unachofanya hakisaidii lolote. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022 limeiweka kama jambo la kazini linalotokana na stresi ya muda mrefu ambayo haijashughulikiwa, halijaiita ugonjwa. Maana yake chanzo kiko kazini. Kwahiyo hayo mambo ya "mimi ni dhaifu, wenzangu mbona wanaweza" yaache hapo mlangoni.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Usitumie simu maana ukiifungua utakutana na meseji za kazini na utasahau ulichofuata.
- Ratiba yako ya shifti ya wiki nne zijazo, hata kama inabadilikabadilika.
- Mtu mmoja anayefanya kazi kama yako, unayemwamini, na ambaye sio bosi wako.
- Namba ya daktari au mshauri nasaha. Itafute leo ukiwa mzima, ukishaishiwa hata kutafuta namba kunakuwa mlima.
- Dakika kama kumi kwa siku. Ukisema huna hata kumi, basi wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta.

Hatua ya 1: Pima ulipo, usibadilishe kitu

Kwa wiki mbili, kila ukimaliza shifti andika namba tatu kuanzia 0 hadi 10: nimechoka kiasi gani, nimekuwa baridi kwa watu kiasi gani, na leo nimeona maana ya kazi yangu kiasi gani. Chini yake andika mstari mmoja wa kitu kilichokumaliza zaidi siku hiyo. Basi, funga daftari.

Nasisitiza usibadilishe kitu kwanza kwasababu watu wengi wanakimbilia dawa ya ugonjwa ambao hawajaujua. Mtu anakwambia wagonjwa wananimaliza, halafu ukisoma daftari lake la wiki mbili unakuta wagonjwa wametajwa mara mbili tu, kwingine kote ni makaratasi, mwenzake anayechelewa kumpokea zamu, ndugu wa mgonjwa wanaofoka, na bosi anayebadilisha ratiba saa tatu usiku.

Angalizo: usiandike jina la mgonjwa, mwanafunzi au mteja humo, wala kitu kitakachomtambulisha. Andika "mama wa asubuhi" inatosha. Daftari hupotea.

Hatua ya 2: Panga vinavyokumaliza kwenye mafungu

Maslach na mwenzake Michael Leiter wanataja maeneo sita ambako mtu na kazi yake huwa hawaelewani: mzigo wa kazi, mamlaka uliyonayo juu ya kazi yako, kuthaminiwa (hela na hata asante), watu unaofanya nao, haki, na maadili yako. Chukua mistari yako ya wiki mbili, mbele ya kila mmoja andika ni fungu gani.

Hii ndiyo hatua ambayo wengi wanairuka, na ndiyo inayoamua kama hatua nyingine zitakusaidia ama utakuwa unajichosha bure. Kila fungu lina dawa yake. Kama shida ni mzigo, siku mbili za off zinasaidia kweli. Kama shida ni haki, yaani kuna watu hawapangiwi usiku na wewe unapangiwa kila wiki, hata upewe mwezi mzima wa likizo utarudi na hasira uliyoondoka nayo. Na kama ni maadili, mfano unajua kabisa mgonjwa anahitaji nini ila utaratibu au ukosefu wa vifaa unakuzuia, hayo ni maumivu ya aina yake, mwanafalsafa Andrew Jameton aliyaandika 1984 akiwazungumzia manesi. Hayaondoki kwa kulala. Yanapungua ukiyasema kwa watu wanaoyaelewa, na ukipata japo sehemu ndogo ya kurekebisha.

Hatua ya 3: Funga zamu, usiondoke tu

Kama utafanya hatua moja tu kwenye mwongozo huu, fanya hii. Kuna kutoka kazini na kuna kufunga kazi. Wengi wanatoka tu, mwili uko kwenye gari, kichwa kiko kitanda namba nne.

Fanya hivi, dakika tano hadi kumi:

a) Andika yote ambayo hayajaisha, na mbele ya kila moja andika nani amekabidhiwa. Kama hakuna aliyekabidhiwa, tafuta mtu sasa, usibebe.

b) Mwambie anayekupokea kwa mdomo, uso kwa uso au kwa simu, na umuombe akurudishie kwa maneno yake. Hapo ndipo utajua kama kasikia.

c) Vua sare, nawa mikono na uso. Kama kazi yako haina sare, badilisha hata viatu.

d) Chagua alama moja njiani, geti, kona, kituo, chochote unachopita kila siku. Ukishaipita, kazi ya leo imeisha.

e) Wazo la kazi likija baada ya alama jiulize swali moja: kuna kitu ninachoweza kufanya sasa hivi? Kama kipo, piga simu moja, sema, kata. Kama hakipo, andika mstari kwenye daftari uliache huko.

Lile wazo la usiku wa manane la "hivi ile dawa nilimpa au sikumpa" watu wanaliita kuwa na moyo laini. Mara nyingi ni makabidhiano mabovu tu. Ukikabidhi vizuri unalala vizuri, na mgonjwa pia anakuwa salama zaidi, kwahiyo hata bosi hawezi kukulaumu kwa kuchukua hizo dakika.

Angalizo la simu: lile kundi la WhatsApp la kazini lizime sauti ukiwa off. Kuna atakayesema "je kukiwa na dharura?" Dharura ya kweli watakupigia. Meseji ya saa nne usiku inayouliza nani kachukua funguo ya kabati sio dharura.

Hatua ya 4: Badilisha namna unavyobeba maumivu ya mtu

Wanaoanza wanadhani kuna njia mbili, ama uumie pamoja na kila mtu ama uwe jiwe. Njia zote mbili zinamaliza. Watafiti Tania Singer na Olga Klimecki walionyesha kwamba kuumia anapoumia mwenzako na kumtakia mema kwa upole ni vitu viwili tofauti, hata kwenye ubongo vinatumia njia tofauti. Cha kwanza kinakulemea, cha pili kinaweza kukuongezea nguvu, na kinafundishika.

Kwa vitendo, ukiwa mbele ya mtu mwenye maumivu makubwa:

Sikia nyayo zako sakafuni. Vuta pumzi kawaida, itoe taratibu kuliko ulivyoivuta, mara mbili tatu. Jiulize moyoni: "huyu anahitaji nini kutoka kwangu sasa hivi?" Jibu karibu siku zote ni dogo, maji, maelezo yanayoeleweka, kiti cha ndugu yake, ukimya wa dakika moja. Lifanye hilo. Kisha ukiondoka sema kimoyomoyo "nimefanya sehemu yangu, nakutakia heri".

Najua hiyo ya mwisho inasikika kama mambo ya ajabu, jaribu kabla hujacheka.

Makosa ya kawaida hapa ni kumwambia mtu "najua unavyojisikia" wakati hujui, na kutoa namba yako binafsi kwa huruma. Ukishampa mmoja namba na akapiga usiku, kutopokea kutakuuma kuliko ambavyo kutompa kungekuuma. Lingine ni kuigiza tabasamu siku nzima huku ndani unawaka, hiyo nayo ni kazi, mwanasosholojia Arlie Hochschild aliiandikia 1983 akiwachunguza wahudumu wa ndege. Huwezi kuikwepa yote ila tafuta sehemu hata moja ndani ya shifti ambako uso wako unaruhusiwa kupumzika.

Hatua ya 5: Mapumziko madogo ndani ya shifti

Kula ukiwa umekaa. Kunywa maji. Nenda chooni mkojo ukija, sio baada ya saa tatu. Inachekesha kuwaandikia watu wazima hivi lakini waulize manesi. Kula huku unaandika ripoti hakuhesabiki kama mapumziko.

Kati ya kesi nzito na inayofuata chukua dakika mbili, simama mahali, usiongee na mtu.

Likitokea jambo kubwa, kifo cha ghafla, mtoto, fujo, timu isimame pamoja dakika chache: nini kimetokea, nani anahitaji kupumzika sasa, nani atamalizia kazi yake, nani atampeleka nyumbani asiyeweza kuendesha. Ila angalizo, msimlazimishe mtu asimulie kwa undani alichoona. Kuwakalisha watu na kuwataka wamwage yote mara moja baada ya tukio haishauriwi, wengine inawaumiza zaidi. Anayetaka kuongea aongee, anayetaka kukaa kimya apewe maji na nafasi.

Hatua ya 6: Usingizi

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Utafiti wa 1997 wa Dawson na Reid ulionyesha kwamba ukikaa macho saa 17 mfululizo, uwezo wako unashuka kufikia wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Sasa fikiria shifti ya usiku uliyoianza bila kulala mchana.

Kahawa na vinywaji vya nguvu: saa tano hivi tangu unywe, nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini, kwahiyo kikombe cha mwisho kiwe mwanzoni mwa shifti. Ukitoka usiku, chumba kiwe giza, simu iwe mbali, na waambie watu wa nyumbani saa utakayoamka. Ukiwa unasinzia usiendeshe, lala kwanza hata dakika 20 palepale kazini.

Hatua ya 7: Kataa kwa sentensi fupi

Watu wa kazi hizi wanaombwa kwasababu hawakatai, ni hivyo tu. Jifunze sentensi mbili tatu uzikariri ukiwa mtulivu:

"Wiki hii sitaweza."
"Naweza kufanya hili au lile, niambie lipi lianze."
"Ngoja niangalie ratiba, nakujibu kesho asubuhi."

Kosa kubwa ni kutoa sababu nyingi. Kila sababu unayotoa mtu anaitafutia ufumbuzi, ukisema mtoto anaumwa ataulizwa nani mwingine yupo nyumbani, mwisho unajikuta umekubali na umeshatoa na mambo yako ya ndani.

Na kama hatia inakusumbua, Tamko la Geneva ambalo ni kiapo cha madaktari cha Chama cha Madaktari Duniani liliongezwa ahadi 2017 kwamba daktari ataangalia afya na ustawi wake mwenyewe ili aweze kutoa huduma bora. Kiapo kizima cha kuhudumia wengine kimekukumbuka na wewe.

Hatua ya 8: Mpelekee bosi daftari, sio machozi

Machozi sio aibu, ila kwenye hiki kikao yanampa mtu nafasi ya kukwambia "pole, jipe moyo" na kikao kikaisha. Nenda na ukweli: kwenye wiki nne zilizopita nimefanya usiku mara kadhaa mfululizo, mara kadhaa sikupata mapumziko, tarehe ni hizi. Kisha omba kitu kimoja kidogo kinachowezekana. Usiombe "mazingira bora". Omba "usiku usizidi mitatu mfululizo" au "dakika 15 za makabidhiano ziingie kwenye ratiba". Baadaye mtumie kwa maandishi mlichokubaliana.

Bora zaidi nendeni wawili watatu, akienda mmoja anaonekana mlalamishi.

Mtakutana na wakubwa wanaoleta semina ya kupumua halafu mwezi huohuo wanapunguza watu kwenye shifti. Ingieni semina, kupumua kunasaidia, halafu ratiba iulizeni tena.

Hatua ya 9: Mtu wa kuongea naye, kwa tarehe

Yule uliyemwandaa mwanzoni, pangeni siku kabisa, mfano kila baada ya wiki mbili, nusu saa. Msisubiri mpaka mmoja alie. Sheria tatu zinatosha: hakuna majina ya wagonjwa au wateja, kila mmoja anapata muda wake, na hakuna kutoa ushauri kama hujaombwa. Kwenye miaka ya 1950 huko London, Michael Balint alikuwa anakutanisha madaktari wa kawaida wazungumzie kesi zinazowakaa kichwani, hasa uhusiano wao na mgonjwa, na vikundi vya aina hiyo bado vipo sehemu nyingi. Hamhitaji jina kubwa, viti viwili vinatosha.

Angalieni tu isigeuke kikao cha kusengenya uongozi. Dakika tano za kulalamika ni halali, nusu saa nzima inawarudisha nyumbani mmechoka zaidi.

Hatua ya 10: Kitu ambacho hakuna anayekuhitaji

Kila wiki, jambo moja ambalo wewe sio msaidizi wa mtu. Mpira, kwaya, bustani, kutembea. Ukiona umeshachaguliwa kuwa mweka hazina wa hiyo kwaya, tafuta kingine.

Ukikwama

*Nimeanza kuwaza afadhali nisingekuwepo.* Acha kusoma. Mwambie mtu leo, sasa hivi, kwa maneno yaleyale, na nenda hospitali kitengo cha dharura au piga namba ya dharura ya ulipo. Vitu vya kujidhuru, hasa dawa kama unazishika kazini, viwe mbali na wewe, na usikae peke yako.

*Nimetoka likizo, siku ya pili nimechoka vilevile.* Shida yako haiko kwenye fungu la mzigo. Rudi hatua ya 2 uangalie haki, mamlaka na maadili.

*Nafunga zamu vizuri ila naota tukio lilelile, nashtuka hovyo, nakwepa chumba fulani.* Hicho kinaweza kuwa kiwewe, na kinampata hata aliyesikia tu habari za mwingine. Kikizidi mwezi, au hata kabla kama kinakuzuia kufanya kazi, nenda kwa mtaalamu. Kina tiba, usikivumilie.

*Sisikii chochote mtu akilia.* Hujawa mtu mbaya, huo ni mwili unajikinga. Omba upunguziwe kesi nzito kwa muda, rudia hatua ya 4 na ya 6. Mara nyingi hisia zinarudi usingizi ukirudi, na zikirudi zinaweza kuja na machozi ya ghafla, usishtuke.

*Hata vitu nilivyovipenda havina ladha, hata siku za off.* Banauti inaanzia kwenye kazi, sonona (depression) inakufuata kila mahali. Ikizidi wiki mbili muone daktari, na umwombe apime na damu pia, kuna upungufu wa damu na shida za tezi ya shingo ambazo nazo zinaleta uchovu wa hivihivi.

*Nakunywa ili nilale, au natumia vidonge vya kabatini.* Pombe inakulaza haraka halafu inaukatakata usingizi usiku. Vidonge usivianze wala usiviache ghafla mwenyewe, vingine kuviacha ghafla ni hatari. Mwambie daktari asiye mfanyakazi mwenzako kama unaona aibu.

*Bosi amekataa kila kitu.* Omba kitu kidogo zaidi, kwa maandishi. Halafu angalia kama kuna kitengo kingine unaweza kuhamia. Halafu anza kutafuta kazi kimyakimya. Kuondoka sehemu inayokumaliza sio kuwasaliti wagonjwa, ila usiandike barua ya kuacha kazi asubuhi ya baada ya shifti mbaya. Ilaze siku kadhaa kwanza.

*Namuuguza mzazi nyumbani, mimi sina zamu ya kufunga.* Basi itengeneze. Usiwaambie ndugu "nisaidieni", hiyo haina siku wala saa na kila mtu anadhani mwenzake atafanya. Mwambie mmoja kwa jina: "Jumamosi kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili uje ukae naye." Mwandikie karatasi ya dawa na saa zake, mwachie, na utoke nje ya nyumba kabisa, ukibaki chumba cha pili utaitwa. Atafanya tofauti na wewe, atachelewesha kitu, atakunja shuka vibaya. Kama sio jambo la hatari, muache afanye.

*Nimefuata yote mwezi mzima na namba hazijabadilika.* Angalia ipi kati ya tatu imegoma. Uchovu ukigoma, anza na hatua ya 6 na vipimo vya daktari. Ubaridi ukigoma, kesi nzito zipungue na muongee na mtaalamu. Namba ya maana ikigoma huku nyingine ziko sawa, chukua hilo daftari uende nalo kwa mwenzako wa hatua ya 9 mjadili kama bado hiyo ni sehemu yako.